Pima nafasi kabla ya kununua tiketi

Kila mwaka mwezi wa Aprili, katika uwanja wa Aintree karibu na jiji la Liverpool, Uingereza, hufanyika mbio za farasi za kuruka viunzi zinazoitwa Grand National. Farasi wasiozidi 34 hukimbia karibu kilomita 7 na kuruka viunzi 30, na kwa siku kadhaa kabla ya hapo magazeti hujaza kurasa nzima kwa kazi moja tu: kupima nafasi ya kila farasi. Msomaji wa Bule, katika eneo la Djugu hapa Ituri, mashariki mwa Kongo, anaweza kuuliza mambo hayo yanamhusu nini yeye anayeishi milimani, anayelima viazi na kufuga ng'ombe, na ambaye farasi humwona kwenye picha tu. Jibu langu ni kwamba yanamhusu sana. Vijana wa Bule, wa Bunia na wa Ituri nzima wanabeti, wengi wao kwenye mpira wa miguu, wengine kwenye farasi na mbwa wa kompyuta wanaokimbia ndani ya televisheni iliyotundikwa ukutani. Kila tiketi wanayonunua ni nafasi ya kushinda, na hakuna aliyewafundisha namna ya kuipima nafasi hiyo. Nashikilia hoja moja. Kupima nafasi ni elimu halali na yenye faida, na mtu aliyeipata vizuri ataona mwenyewe kwamba tiketi nyingi anazouziwa hazistahili pesa yake. Kwa hiyo elimu hiyo tuitoe hadharani, shuleni na magazetini, kuliko kuwaachia wauza tiketi wawe walimu pekee wa watoto wetu.

Mbio hizi si ngeni kwetu kama zinavyoonekana. Simulizi maarufu ya Ireland inasema kwamba mwaka 1752 mabwana wawili, Edmund Blake na Cornelius O'Callaghan, walishindana kwa farasi katika eneo la Cork, kutoka kanisa la Buttevant hadi kanisa la Doneraile, wakiruka kuta na mitaro yote iliyokuwa njiani, huku mnara wa kanisa ukiwa ndio alama ya kulenga. Kutokana na mchezo huo wa farasi, wanadamu nao wakaanza kuruka viunzi na dimbwi la maji kwa miguu yao, na mbio hizo za mita 3,000 Afrika Mashariki imezifanya kuwa zake. Tangu Amos Biwott aliposhinda Mexico mwaka 1968, Kenya ilichukua dhahabu ya wanaume katika kila Olimpiki iliyoshiriki hadi Rio 2016. Anayejua kumtazama mkimbiaji wa viunzi na kujiuliza kama pumzi yake itafika raundi ya mwisho, huyo tayari ameanza kazi ya mpimaji. Farasi anaongeza ugumu wake: hasemi anavyojisikia, anabeba mzigo mgongoni, anaongozwa na mtu anayeweza kukosea, na kiunzi kimoja tu kinatosha kufuta matayarisho ya mwaka mzima. Ndiyo maana naona mbio hizi ni darasa bora kuliko mengi. Ushahidi ni mwingi kiasi cha kumpa mtu kazi ya siku nzima, na bado ushahidi wote huo hauondoi shaka.

Mpimaji makini huanza na rekodi. Kando ya jina la farasi gazeti huchapa mfuatano wa alama, tuseme 2F1P3, nao husomwa kutoka kushoto, matokeo ya zamani yakitangulia. Farasi huyu alimaliza wa pili, mara iliyofuata akaanguka, kisha akashinda, kisha mpandaji wake akamsimamisha kabla ya kufika mwisho, na mara ya karibuni kabisa akawa wa tatu. Kama pangekuwa na herufi U, tungejua kwamba farasi alibaki wima lakini mpandaji akadondoka. Asiyejua kusoma huona hapo ushindi mmoja na mchafuko mwingi. Anayejua kusoma huuliza: alipoanguka, alikuwa kiunzi cha ngapi, na alikuwa bado na nguvu au amechoka hoi? Aliposimamishwa, lilikuwa ni tope, au umbali ulimshinda, au aliumia? Alipokuwa wa tatu, waliomtangulia ni farasi wa namna gani, na nyuma yake walibaki wangapi? Alama tano zimezaa maswali mengi, na kila swali lina mahali pa kutafutiwa jibu: ripoti ya mbio ile, picha ya video, maneno ya mwalimu wa farasi, hali ya hewa ya siku ile. Hii ni kazi ya akili inayofanana na ya daktari au ya hakimu, kwa sababu mtu hapimi kwa jina wala kwa sifa za mitaani. Anapima kwa mambo yaliyotokea.

Baada ya rekodi huja umbali, ardhi na uzito. Farasi aliyeshinda kilomita 3 kwenye ardhi kavu hajathibitisha lolote kuhusu kilomita 7 kwenye ardhi iliyolowa. Uzito nao, katika mbio za namna ya Grand National, hupangwa kwa makusudi: farasi mwenye sifa kubwa hubebeshwa zaidi ili aliye chini yake apate nafasi. Mwaka 1973 jambo hili lilionekana wazi kwa kila mtu. Crisp, farasi kutoka Australia, alibeba kilo 76. Red Rum alibeba kama kilo 66. Crisp aliwaacha wenzake mbali sana, akaruka kiunzi cha mwisho bado akiwa mbele. Kikabaki kipande cha mwisho kisicho na viunzi. Hapo nguvu zikamwishia, akaanza kuyumba huku na huku, na Red Rum, aliyekuwa akimfuata pole pole, akampita hatua chache kabla ya mstari, akashinda kwa tofauti isiyofika hata urefu wa farasi mmoja. Muda wa Red Rum ulikuwa dakika 9 na sekunde 1.9, rekodi mpya ya mbio hizo. Kabla ya kuanza, wabashiri walikuwa wamewapa farasi hao wawili bei moja, 9 kwa 1, yaani faida ya 9 kwa kila 1 iliyowekwa. Waliomtazama Crisp akiongoza waliona ushindi. Waliokumbuka zile kilo 10 walijua kwamba deni lake bado halijalipwa.

Hata hivyo, baada ya kuhesabu hayo yote, mpimaji mkweli hatamki jina la mshindi kana kwamba amefunuliwa. Hutaja kiwango: mbio kama hizi zikirudiwa mara 10, farasi huyu naona atashinda mara 2, na yule mara 1. Mwaka 1967, kwenye kiunzi cha 23 cha Grand National, farasi aliyekuwa amepoteza mpandaji wake alikata njia mbele ya wenzake. Waliokuwa wakiongoza wakagongana, wakasimama, wakaanguka, wapandaji wakatapakaa chini. Foinavon, ambaye alikuwa nyuma sana na ambaye bei yake ilikuwa 100 kwa 1, alipata mwanya, akaruka peke yake na kushinda. Kiunzi hicho mpaka leo kinaitwa kwa jina lake. Je, waliompa Foinavon nafasi ndogo walikosea? Hapana. Nafasi ndogo ni nafasi, na kitu cha mara moja katika mia hutokea mara moja katika mia. Katika mbio sita za Grand National zilizofanyika kuanzia 2019 hadi 2025, maana ile ya 2020 ilifutwa kwa sababu ya Covid, mara tatu alishinda farasi aliyependelewa au aliyelingana na mwingine kwa kupendelewa: Tiger Roll mwaka 2019, Corach Rambler mwaka 2023 na I Am Maximus mwaka 2024. Lakini mwaka 2021 alishinda Minella Times kwa bei ya 11 kwa 1, akipandwa na Rachael Blackmore, mwanamke wa kwanza kushinda mbio hizo. Mwaka 2022 akashinda Noble Yeats kwa 50 kwa 1, na 2025 Nick Rockett kwa 33 kwa 1. Soko halikuwa la wajinga. Lilikuwa likipima jambo lenye shaka nyingi.

Adui mkubwa wa upimaji ni mazoea. Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, ilitoa funzo hilo mbele ya Afrika Mashariki nzima. Mtu aliyesema kwamba mita 3,000 za viunzi ni za Kenya kwa sababu zimekuwa za Kenya siku zote, alikuwa akihesabu medali za zamani. Aliyetazama ushahidi wa karibu aliona mambo mengine: Conseslus Kipruto, bingwa wa 2016, hakuwa kwenye kikosi, na Soufiane El Bakkali wa Morocco alikuwa ameshapata medali za mashindano ya dunia mwaka 2017 na 2019. El Bakkali akachukua dhahabu. Kwa wanawake, jina kubwa lilikuwa Beatrice Chepkoech wa Kenya, mwenye rekodi ya dunia, lakini alimaliza wa saba, na Peruth Chemutai wa Uganda akawa mwanamke wa kwanza wa nchi yake kutwaa dhahabu ya Olimpiki. Simtaji Chepkoech kwa kumdharau. Nataka kuonyesha kwamba jina, bendera na historia ni ushahidi wa aina moja tu kati ya nyingi, na mara nyingi ndio ulio mchakavu zaidi. Kijana anayeweka pesa yake kwa timu fulani ya Ulaya kwa kuwa anaipenda tangu utoto anafanya kosa lile lile kila wiki.

Sasa tuje kwenye kiini cha hoja yangu, nacho ni bei. Kujua kwamba farasi ana nafasi nzuri hakumwambii mtu chochote kuhusu kubeti mpaka ajue anauziwa nafasi hiyo kwa kiasi gani. Bei ya 2.00 ina maana kwamba ukiweka faranga 1,000 unarudishiwa 2,000 ukishinda, kwa hiyo ili usipate hasara lazima farasi huyo ashinde angalau mara 50 katika mia. Bei ya 4.00 inadai ushindi mara 25 katika mia, ya 5.00 mara 20, ya 10.00 mara 10, na ya 20.00 mara 5. Tuchukue mbio za kufikirika zenye farasi sita ambao bei zao ni 2.00, 4.00, 5.00, 10.00, 10.00 na 20.00. Jumlisha: 50 na 25 na 20 na 10 na 10 na 5. Unapata 120. Lakini mshindi ni mmoja, na nafasi zote za farasi wote haziwezi kuzidi 100. Zile 20 za ziada ni kipande cha mwenye duka la kubeti. Ukigawa dau lako kuwashika farasi wote sita kwa uwiano huo, utatoa faranga 12,000 na kurudishiwa 10,000, farasi yeyote ashinde. Mfumo wa kuchanga madau pamoja, ambao Joseph Oller aliuanzisha Paris katika miaka ya 1860 na ambao nchi nyingi za Afrika zinazotumia Kifaransa zinaujua kwa jina la PMU, hufanya jambo hilo hilo kwa uwazi zaidi: kwanza fungu linakatwa, kisha kinachobaki ndicho wanachogawana washindi. Kwa hiyo anayebeti hashindani na farasi. Anashindana na akili za wabeti wenzake wote zilizokusanywa ndani ya bei, na akiwa tayari amekatwa fungu kabla mbio hazijaanza.

Yapo pia mambo ambayo tafiti zimeonyesha kuhusu mahali pesa nyingi zinapopotelea. Mwaka 1949 mwanasaikolojia wa Marekani, Richard Griffith, alichapisha uchambuzi wa mbio nyingi za farasi na kugundua kwamba umati huwathamini farasi dhaifu kupita uwezo wao, kwa kuwa watu wengi hupenda kuweka pesa kidogo wakitumaini kupata nyingi. Farasi wanaopendelewa nao huthaminiwa chini kidogo ya uwezo wao. Tafiti nyingi zilizofuata, katika nchi mbalimbali, zimeona mwelekeo huo huo. Maana yake kwa mnunuzi wa kawaida ni nzito: fungu linalokatwa halimwumizi kila mtu sawa. Anayekimbilia bei ya mia kwa moja ndiye anayelipa zaidi, na mara nyingi ndiye mwenye kidogo. Umaskini ndio unaomsukuma kwenye tiketi yenye ahadi kubwa, na tiketi yenye ahadi kubwa ndiyo yenye hasara kubwa.

Kwa wabeti wetu hasara hiyo huja kwa sura ya mkeka, yaani tiketi ya kuunganisha mechi nyingi. Chukua mechi 10, na kila mechi umechagua timu yenye nafasi ya kushinda mara 70 katika mia. Kila moja peke yake inaonekana salama. Zikiunganishwa, lazima zote zitimie, na nafasi ya zote kutimia haifiki 3 katika mia. Sasa tuseme kila timu inauzwa kwa bei ya 1.33, wakati bei ya haki ingekuwa karibu 1.43. Kwenye mechi moja mwenye duka amekata kama faranga 70 katika kila 1,000, nawe huhisi kitu. Kwenye mechi 10 makato hayo huzidishana: tiketi ya faranga 1,000 inaahidi kama 17,300, lakini kwa hesabu ya wastani inamrudishia mnunuzi faranga 489 tu. Zaidi ya nusu ya pesa imekwenda kabla mpira haujapigwa. Kijana akikosa kwa mechi moja husema alikaribia. Hakukaribia, alinunua kitu cha faranga 489 kwa faranga 1,000, na jana alifanya hivyo, na kesho atafanya tena. Hesabu hii haihitaji kompyuta. Mwanafunzi anayejua kuzidisha anaweza kuifanya nyuma ya daftari lake.

Linalonisikitisha zaidi ni farasi wa kompyuta. Mwaka 2020, Grand National ya kweli ilipofutwa, televisheni ya Uingereza ilionyesha mbio zilizotengenezwa na kompyuta kwa kutumia taarifa za farasi halisi, na mshindi akawa Potters Corner, farasi wa kweli aliyekuwa ameshinda Grand National ya Wales mwaka uliotangulia. Faida ya madau ya siku hiyo ilitolewa kusaidia huduma ya afya ya nchi hiyo. Ilikuwa burudani, na watu waliambiwa wazi ni nini. Zile zinazoonyeshwa kila baada ya dakika chache katika vibanda vyetu ni kitu kingine. Farasi hao hawakuzaliwa, hawana miguu ya kuchoka, hawajui tope wala jua, na matokeo yao hutolewa na programu inayochagua namba kwa bahati. Namba zilizotoka mbio 20 zilizopita hazisemi lolote kuhusu mbio ya 21. Lakini utaona vijana wameshika kalamu na karatasi, wakiandika mfuatano wa washindi na kutafuta siri ndani yake. Bidii hiyo ni ya kweli, akili hiyo ni ya kweli, na vyote viwili vinamwagwa mahali pasipo na kitu cha kusoma. Pale Aintree mpimaji anaweza kukosea baada ya kutazama ushahidi. Hapa hakuna ushahidi wa kutazamwa, kuna fungu la mwenye duka tu.

Wapo watakaonijibu kwamba kuna watu wanaoshinda kwa ujuzi. Ni kweli, na mfano wao unaojulikana sana ni Mmarekani Bill Benter, aliyekwenda Hong Kong katikati ya miaka ya 1980 pamoja na mwenzake Alan Woods na kujenga programu ya kompyuta ya kupima nafasi za farasi. Benter alipata utajiri mkubwa. Lakini tusome habari yake yote. Miaka yake ya mwanzo ilikuwa ya hasara. Alihitaji kumbukumbu kamili za mbio nyingi, mtaji mkubwa na kazi ya miaka. Katika makala aliyochapisha mwaka 1994 alieleza kwamba makadirio ya programu yake peke yake hayakutosha, ikabidi ayachanganye na makadirio ya umma yaliyomo ndani ya bei. Huyo ndiye mshindi: mtu aliyekiri kwamba soko linajua mambo asiyoyajua yeye, na aliyeweka pesa pale tu alipoona bei imekosewa. Mfano wa Benter hauwezi kutumika kumtetea mtu anayechagua mechi 10 kwa dakika 5 kwenye simu. Ukitumika vizuri, unathibitisha ninachosema: ujuzi wa kweli wa kupima nafasi humfanya mtu akatae kubeti mara nyingi zaidi kuliko anavyokubali.

Wengine watasema: mwacheni kijana na tumaini lake, kazi hakuna, na faranga 1,000 haimfilisi mtu. Naliheshimu neno hili kwa sababu linatoka kwenye uchungu. Watu wa Bule hawahitaji kufundishwa maana ya hatari. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022, kambi ya waliohama makwao ya Plaine Savo, jirani na Bule, ilishambuliwa na takriban watu 60 wakauawa. Familia zilizoacha mashamba na mifugo na kuishi chini ya turubai zimebeba hatari ambazo hazikuzichagua, na bado zinapima kila siku: kwenda shambani leo au kungoja, kupakia viazi kwenye gari la Bunia au kuuza hapa hapa kwa bei ya chini. Kwa watu kama hao faranga 1,000 si kitu kidogo, na hasara ya kila siku ni fedha inayotoka mahali penye uhitaji kwenda mahali penye fungu la uhakika. Tumaini linastahili kuheshimiwa, na heshima ya kwanza ni kumwambia mwenye tumaini ukweli kuhusu kitu anachouziwa. Tunamtaka mfanyabiashara wa sokoni apime unga kwa mizani iliyo sawa. Sioni kwa nini muuza nafasi asamehewe mizani.

Viongozi wetu wa dini, nao, wanaweza kuona vibaya kwamba mtu anazungumzia kamari darasani. Maaskofu, wachungaji na mashehe wamekemea kamari kwa muda mrefu, na siwapingi. Lakini kukemea peke yake hakujawatoa vijana vibandani. Hata amri ya serikali ina mipaka yake. Mwezi Januari 2019 serikali ya Uganda ilitangaza kutotoa leseni mpya za kubeti kwa sababu ya hali ya vijana, na mwaka huo huo Kenya ilizisimamishia leseni kampuni kubwa za kubeti, SportPesa ikiwamo. Miaka imepita, na kubeti bado kuko kila mahali katika nchi hizo, tena sasa kuko ndani ya simu. Anayekatazwa bila kuelewa hungoja mkataza ageuke. Anayeelewa hesabu hujikataza mwenyewe, mahali popote na wakati wowote, hata asipokuwapo padri wala polisi. Mafundisho ya dini na mafundisho ya hesabu hayagombani hapa. Ya pili yanayapa ya kwanza sababu ambazo kijana anaweza kuzikagua kwa mkono wake.

Elimu hii ina matunda mengine nje ya kubeti, na hayo ndiyo yanayonifanya niitetee kwa nguvu. Mkulima anayeuliza mvua za mwezi huu zimekujaje katika miaka iliyopita, na mbegu hii imezaaje kwenye udongo wake, anasoma rekodi kama yule anayesoma 2F1P3. Mama anayeambiwa na muuguzi kwamba chanjo ina madhara madogo kwa watoto wachache sana, huku ugonjwa wenyewe ukiua wengi, anahitaji kulinganisha nafasi mbili. Mpiga kura anayesikia uvumi kwamba jambo fulani hakika litatokea anahitaji kuuliza: umejuaje, na mara ngapi uliwahi kusema hivyo ikawa kweli? Nchi yenye watu wanaojua kupima nafasi haidanganyiki kirahisi, iwe na mwenye kibanda cha kubeti, au na mganga wa uongo, au na mwanasiasa.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Walimu wa hesabu wa shule za sekondari za Djugu na Bunia waanze somo la nafasi kwa tiketi ya kubeti ya kweli mezani, wanafunzi wajumlishe bei zake na kuona wenyewe kile kinachozidi 100. Mamlaka zinazotoa vibali ziwalazimishe wenye vibanda kubandika ukutani, kwa Kiswahili na kwa maandishi makubwa, katika kila faranga 1,000 zinazowekwa ni ngapi zinarudi kwa wachezaji, na farasi wa kompyuta watangazwe wazi kuwa matokeo yao ni ya bahati tupu. Magazeti na redio zetu, ambazo zinapenda kutaja aliyeshinda mamilioni, zitaje pia hesabu ya waliochangia mamilioni hayo. Na wewe kijana unayesoma haya, kabla ya kutoa pesa yako jiulize: kuna ushahidi gani hapa wa kupima, nafasi halisi ni mara ngapi katika mia, na bei ninayopewa inadai mara ngapi? Ukikosa jibu la swali moja tu kati ya hayo, pesa hiyo irudishe mfukoni.